Anza na Kuli, Peponi isubiri kidogo

Dada, umeuliza riwaya gani ya kihistoria umpe mtoto wa kaka yako aliye kidato cha pili, anayemaliza riwaya za vijana kwa siku mbili lakini akisikia neno "historia" anaweka kitabu chini. Ukauliza pia kama hadithi ya kubuni inaweza kuaminiwa. Nakujibu kwa zile nilizozisoma miezi hii tu, nyingine nikizirudia kwa makusudi.

Mwanzishe na Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Hadithi inakwenda mbele bila kurukaruka, na Rashidi, mhusika mkuu, ni mtoto wa kuli anayeishia kubeba mizigo ileile bandarini Unguja. Kabla hajaambiwa chochote kuhusu ukoloni, msomaji ameshauona mgongoni mwa mtu: uzito wa gunia, jua, na ujira usiotosha kula. Mgomo unaosimuliwa humo ulikuwepo kweli. Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waliweka kazi chini, na Septemba ulikuwa umeshakuwa mgomo wa mji. Udhaifu wake ni kwamba kwenye mambo ya chama cha wafanyakazi wahusika wanaacha kuzungumza na kuanza kuhutubia, na hapo ndipo vijana wengi wanaiacha. Mwambie hotuba azisome haraka, arudi kwenye watu. Hapotezi kitu, kwa sababu kila kinachosemwa kwenye hotuba kimeshaonyeshwa gatini.

Sasa hilo la kuaminika. Mimi simpimi mwandishi wa riwaya ya kihistoria kwa majina ya magavana na tarehe za vita, maana hizo kila mtu anaweza kuzinakili. Nampima kwa fedha, upepo na kalenda. Zanzibar ilitumia rupia mpaka 1936, ndipo ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Kwa hiyo mzee wa mwaka 1948 anaweza kutaja rupia kwa mazoea, lakini karani akilipa mshahara kwa rupia mwaka huo, mwandishi hakufanya kazi yake. Upande wa Tanganyika ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64 hadi 1904, baada ya hapo ikawa heller 100. Kuhusu upepo: majahazi ya Arabuni na India yanaletwa na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurudishwa na kusi kuanzia Aprili. Ukikuta jahazi limewasili kutoka Maskati katikati ya Julai likiwa limejaa tende, kuwa na shaka na kurasa zote zinazofuata. Na kalenda: mji wa Waislamu hauhesabu siku kwa Januari na Februari peke yake. Mwaka 1948 Idi ya kufungua iliangukia mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo mgomo ule ulianza katikati ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wametoka tu kutumia akiba yao kwa sikukuu. Mwandishi anayelijua hilo anaijua njaa ya wiki zile bila kuisimulia sana.

Kijana anayependa mambo ya upelelezi mpe penseli, kila fedha inapotajwa aandike kwenye kikaratasi: nani alimlipa nani, kiasi gani, kwa kazi gani. Akifika mwisho ana picha ya uchumi wa mji mzima kwenye nusu ukurasa, na amesoma historia bila kuiona.

Peponi ndiyo bora kuliko zote nitakazozitaja, na ndiyo maana nasema isubiri. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa 2022. Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa garimoshi kuondoka kwao na tajiri aliyemzoea kama mtu wa ukoo. Hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye yumo humo humo kwenye rehani: anamkataza kumtaja tajiri kwa jina la udugu, amwite seyyid, yaani bwana. Eneo hili fupi limenikaa kuliko misafara yote. Kwetu sisi jina la udugu ni haki. Mtu unayemwita ami hawezi kukuandika kwenye daftari la madeni. Mtoto anaponyang'anywa neno hilo, amenyang'anywa ukoo mzima kwa sentensi moja.

Ugumu wake uko wapi? Inaanza taratibu, majina ni mengi, na safari ya kwenda bara ni ndefu yenye homa, vifo na mazungumzo yasiyoisha na watawala wa njiani, mpaka wanapofika kwa mtawala aitwaye Chatu na kunyang'anywa mali. Msomaji wa miaka 14 hupotea hapo kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mwaka unaotajwa wazi. Mpe kazi ya kuutafuta: reli ipo, na ujenzi wa njia ya Tanga ulianza 1893, Wajerumani wamo, na mwisho wa kitabu unagusa vita vya 1914. Akizibana alama hizo atapata muda wenyewe. Pili, maneno yamehama. Hongo katika biashara ya misafara ulikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, unaolipwa hadharani kwa vitambaa na shanga. Kijana wa leo anaisoma kama rushwa na kudhani kila mtemi ni mla rushwa. Mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, si yule wa gerezani. Mwandikie maneno kama haya sita au saba kwenye kikaratasi cha kuwekea alama, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Na kama amesoma madrasa, mkumbushe Sura ya Yusuf na kanzu iliyochanika kwa nyuma, halafu usiseme zaidi.

Kwa hiyo Peponi namwekea kidato cha nne. Kwa anayesoma sana, cha tatu.

Kati ya Kuli na Peponi ingiza Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi vilevile, 1999. Kwa umri wa mhusika hii ndiyo riwaya ya vijana hasa: Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka mwenye umri wa baba yake na zaidi. Anatoka, anapokewa na Mwajuma, anakutana na Denge na siasa za kudai uhuru. Mwajuma ndiye moyo wa kitabu kwangu. Hana mali wala cheo, ila mlango wake uko wazi, na mpaka kati ya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo huko Unguja, ambao serikali ya kikoloni iliuchora kwa rangi ya ngozi, unavukwa pale kwenye chumba chake kwa chai na mazungumzo. Upande wa siasa nauona haukukolea sawasawa: Denge ni jasiri mno tangu mwanzo, hana pa kukua. Kuna ulevi na mambo ya mapenzi, kwa hiyo wewe isome kwanza. Sizungumzii kuficha. Nasema uwe tayari kuulizwa.

Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Adam Shafi pia, 1978, nzuri kwa lugha, ila imeandikwa mtazamo wa Mapinduzi ukiwa umeshaamua kila kitu: mwenye shamba hana hata chembe ya utu. Ukimpa, mpe akiwa ameshasoma nyingine.

Za kigeni, kwa Kiingereza, nakupa mbili na nakuonya kwa moja.

Number the Stars ya Lois Lowry, 1989. Copenhagen, Denmark, 1943, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani, Annemarie wa miaka 10 na rafiki yake Myahudi, Ellen. Ni fupi, Kiingereza chake chepesi, kidato cha pili anaimudu. Kitu kimoja kinaibeba: leso. Annemarie anakimbiza kikapu cha chakula kwa mjomba wake mvuvi, askari wanamzuia njiani wakiwa na mbwa, na chini ya chakula kuna kifurushi kilichofungwa leso asiyojua ni ya nini. Leso ilipakwa mchanganyiko wa damu ya sungura iliyokaushwa na kokeini: damu inamvuta mbwa anuse, kokeini inaua uwezo wake wa kunusa, asiwagundue watu waliofichwa ndani ya mashua. Hilo halikubuniwa, lilitumika kweli kuwavusha Wayahudi kwenda Sweden, na mwandishi mwenyewe mwishoni anaeleza lipi ni la kweli na lipi la kutunga. Kitabu cha historia cha kijana kisicho na maelezo ya namna hiyo mwishoni nakipunguzia alama mara moja.

Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, 1976, ni ya Mississippi mwaka 1933. Tafuta eneo la vitabu vya shule. Mtoto wa darasa la kwanza anapewa kitabu kichafu kilichochakaa, anafungua jalada, anakuta jedwali: kila mwaka kilipotolewa, hali yake, na rangi ya mwanafunzi aliyepewa. Miaka yote ya mwanzo wazungu, na hali inashuka mstari kwa mstari. Hali ilipofika "mbaya sana" ndipo kikapewa mtoto mweusi. Anakitupa chini na kukikanyaga. Mistari michache ya jedwali inafanya kazi ambayo sura nzima ya maelezo isingeweza. Maneno ya matusi ya rangi yamo, kwa sababu ndiyo yaliyosemwa.

Ninayokuonya ni The Boy in the Striped Pyjamas ya John Boyne, 2006. Inaliza, na ndiyo hatari yake. Mtoto wa miaka tisa wa mkuu wa kambi ya Auschwitz hajui Wayahudi ni nani, wakati watoto wa Kijerumani wa umri wake walifundishwa chuki hiyo shuleni kila siku. Shmuel, mtoto wa Kiyahudi aliyefungwa kambini, anakaa kwenye ua wa waya akipiga soga, wakati waya ule ulikuwa na umeme na walinzi, na watoto wengi wa Kiyahudi waliofikishwa pale waliuawa siku ileile kwa gesi. Makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalisema hadharani 2020 kwamba anayesoma au kufundisha historia hiyo akiepuke. Nakubaliana nayo, kwa sababu msomaji anaishia kumlilia mtoto wa mkuu wa kambi kuliko waliopelekwa pale kufa.

Kama bajeti inatosha vitabu viwili tu sasa, nunua Kuli na Number the Stars. Muda, kurasa 25 hadi 30 kwa siku zinatosha. Akizidisha mwenyewe usimzuie. Usimpe maswali ya mtihani. Akimaliza Kuli muulize jambo moja: mshahara wa Rashidi ulitosha siku ngapi? Akifungua kikaratasi chake cha hesabu kukujibu, mwezi ujao mletee Vuta N'kuvute.