Malipo Yameidhinishwa, Lakini Pesa Iko Wapi? Maneno ya Kadi kwa Muuzaji wa Mwanza

Mteja aliye Arusha akiagiza gunia la dagaa wa Mwaloni, Kirumba, akalipa kwa kadi kwenye ukurasa wako, ujumbe wa kwanza utakaouona ni kwamba malipo yameidhinishwa. Kuna wauzaji wakiona hivyo tu, mzigo unapelekwa Nyegezi kupandishwa basi. Subiri kidogo. Idhini maana yake benki iliyotoa kadi imeona salio linatosha na imekizuia kiasi hicho kisitumike kwingine. Pesa bado iko kwake.

Baada ya idhini kuna kudai: mfumo wako unaiambia benki kwamba kile kilichozuiwa sasa kitolewe. Halafu ndipo pesa inahama kutoka benki ya mteja, kupitia mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, hadi benki inayokupokelea wewe, ikiwa imeshakatwa ada. Malango mengi ya malipo, yaani huduma zinazokupokelea kadi mtandaoni, hudai papo hapo, mengine husubiri ubonyeze mwenyewe. Muulize anayekupa huduma, wala usikisie. Idhini isiyodaiwa huisha yenyewe baada ya siku chache na mteja anarudishiwa salio lake. Ndiyo maana mwenye gesti ya Capri Point hawezi kuzuia pesa ya mgeni leo kwa chumba atakacholala miezi miwili baadaye. Ni heri adai sehemu kama arbuni, na masharti ya kughairi yaonekane kabla mgeni hajalipa.

Makato yanahitaji kalamu. Tuseme mkataba wako ni asilimia 3.5 na mzigo ni shilingi 200,000: utapokea 193,000. Ukitaka 200,000 kamili mkononi, usiongeze asilimia 3.5 juu, maana 207,000 ikikatwa inabaki 199,755. Gawanya 200,000 kwa 0.965, upate takriban 207,254. Iingize kwenye bei ya bidhaa tangu mwanzo, kwa sababu mikataba mingi haimruhusu muuzaji kumtoza mwenye kadi zaidi ya mwenye taslimu.

Kadi ikikataliwa, soma namba ya jibu kabla ya kumlaumu mtu. 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 14 namba ya kadi si sahihi, 91 benki ya mteja haipatikani. 05 ndiyo inayokera: benki imekataa bila kutaja sababu. Mara nyingi kadi za hapa kwetu hukwama kwa kuwa mwenyewe hajairuhusu kununua mtandaoni, basi mwambie aanzie kwenye programu ya benki yake au apige huduma kwa wateja. Kujaribu tena na tena hakusaidii, na mfumo unaweza kudhani kuna mwizi anayebahatisha kadi. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, fungua kwanza orodha ya miamala. Huenda ya kwanza ilipita, na ukimtumia linki nyingine atalipa mara mbili.

Usipokee picha ya kadi kwa WhatsApp, hata mteja akisisitiza. Zile tarakimu tatu za nyuma, CVV, kanuni za usalama wa kadi zinakataza muuzaji kuzihifadhi baada ya idhini. Mtumie linki ya malipo aandike mwenyewe, na benki yake imtumie OTP, namba ya siri ya kutumika mara moja. Uthibitisho huo wa OTP una faida nyingine: baadaye ikidaiwa kwamba kadi iliibwa, kwa kawaida hasara huenda kwa benki iliyotoa kadi badala yako.

Linalouma zaidi ni pingamizi, pale mteja anapoiambia benki yake kwamba hakununua, mzigo haukufika, au kilichofika sicho. Mara nyingi ana hadi siku 120 za kulalamika. Pesa inavutwa kutoka kwako, pengine na ada juu, na wewe unapewa muda mfupi wa kujibu kwa vielelezo. Kwa dagaa, piga picha ya gunia likiwa kwenye mzani kabla ya kulishona, tunza risiti ya basi yenye namba ya mzigo, na hifadhi ujumbe wa mteja akikiri amepokea. Mapingamizi mengine huzaliwa na jina tu: duka linajulikana kwa jina moja, lakini taarifa ya benki inaonyesha jina lililosajiliwa BRELA, kwa msajili wa biashara, ambalo mteja hajawahi kulisikia. Omba lango liweke jina la duka.

Mteja akibadili nia kabla hujadai, futa muamala, kizuizi kitaondoka. Ukishadai, ni kurejesha, na hapo huchukua siku kadhaa, huku ada uliyokatwa mara nyingi hairudi. Mtalii aliyelipia boti ya Saanane kwa kadi ya dola anaweza kurudishiwa pungufu au zaidi kidogo kwa sababu ya kiwango cha kubadilisha fedha siku hiyo. Mwambie mapema. Na urejeshe kwenye kadi ileile iliyolipa. Anayeomba umrudishie kwa M-Pesa au namba ya ndugu yake anaweza akachukua hiyo, kisha akapeleka pingamizi benki na kulipwa mara ya pili.