Unaota mbio za pikipiki Ulaya? Soma hii kwanza

Juzi kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi ni bodaboda, mbio ziko damuni. Nifanyeje nije Uholanzi nikimbize zile pikipiki zisizo na breki?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu mko wengi, na najua mnachokitaka. Hata mimi nilikitaka hichohicho nilipoondoka Tanga.

Spidiwei, yaani hizo mbio za pikipiki zisizo na breki unazoziona kwenye simu, ni waendeshaji wanne kila mbio, mizunguko minne, kona zote za kushoto. Injini ni ya sentimita 500 za ujazo, gia moja, breki hakuna, na tangi limejaa methanoli, siyo petroli. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaambulia vumbi. Mguu wa kushoto unavishwa soli ya chuma, maana ndio unaoburuzwa chini kwenye kona huku tairi la nyuma likitaka kulipita la mbele. Wengi mnadhani kipaji ni kuthubutu. Wenye kuthubutu wamejaa kila kijiji huku.

Sasa nikupe habari za Jannick de Jong. Huyu ni Mholanzi, mzaliwa wa 1987. Nchi yake haina ligi ya spidiwei ya kumlisha mtu. Pesa iko Poland, na majina makubwa ni ya Wapoland, Wadenmark, Waswidi na Waingereza. Mholanzi akitaka kuishi kwa mchezo huu lazima avuke mpaka, kama Theo Pijper alivyokwenda Uskochi kuikimbilia klabu ya Edinburgh Monarchs kwenye uwanja wao wa Armadale. Lakini kaskazini mwa Uholanzi kuna kitu kingine: mbio za nyasi na za njia ndefu. Vijiji kama Roden na Eenrum wanazijua vizuri kuliko watu wa Amsterdam. De Jong jina lake kalijenga huko. Kwenye njia ndefu, ile ya mita 1,000 kama za Herxheim na Mühldorf kule Ujerumani, breki bado hakuna ila gia ni mbili, na kasi ni ya kukufanya usahau kumeza mate. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia wa njia ndefu. Tazama alipopenya: kabla yake, 2014, bingwa alikuwa Mjerumani Erik Riss, na 2016 Riss akalichukua taji tena. Kabla yao Mfini Joonas Kylmäkorpi alikuwa amelishikilia miaka minne mfululizo, 2010 hadi 2013. Hao si watu wa kupisha mtu.

Ndiyo maana nasema: tafuta mlango ambao wenzako hawajaujaza. Mimi wangu ulikuwa klachi.

Nilifika klabu moja (jina nawahifadhia, ingawa hawakustahili hisani hiyo) nikaomba kukimbia. Wakaniambia nisubiri. Nikasubiri msimu mzima, nikifagia gereji na kubeba matairi ya vijana niliokuwa nawazidi kila kitu isipokuwa jina la baba. Siku ya kupanga timu hata ujumbe hawakunitumia. Orodha niliiona imebandikwa ukutani. Bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Lakini kwenye ile gereji nilikuwa nimeona jambo. Mbio hizi huamuliwa pale utepe wa kuanzia unaporuka, na hapo klachi, ile inayounganisha nguvu ya injini na gurudumu, ndiyo bosi. Ikishika mapema, pikipiki inainuka kichwa na mwenzako keshakukata konani. Ikichelewa, unakula mchanga wa watatu. Sahani zake hupata moto mpaka zinabadilika rangi, na kati ya mbio na mbio una dakika chache tu za kuzifungua, kuzipangusa, kuzisugua kwa msasa na kuzirudisha. Mikono iliyozoea kufungua Boxer chini ya mwembe, spana mbili na tochi ya simu, haikupata shida yoyote. Wakaanza kunitafuta. Mwezi uliopita dereva ninayemhudumia alipanda jukwaani, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa mimi, si meneja. Picha ninayo. Wale wa orodha ya ukutani nao walikuwepo, wakanisalimia kwa jina langu kamili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu: jifunze injini. Jifunze injini kabla ya kona. Usiku unapolala bila abiria, fungua kabureta uifunge tena. Methanoli inakula alumini, hivyo jioni ya mbio mafundi wa huku wanaimwaga yote na kusafisha mfumo. Anayejua hilo kabla hajaambiwa anasikilizwa. Na acheni kupenda sifa, vijana! Mnataka kupigwa picha na helmeti wakati mnyororo wa bodaboda yako unalia kama mlango wa zizi. Nani atakukabidhi injini yake?

Na yule wakala anayekudai "ada ya leseni ya mbio" usimtumie hata shilingi. Muulize klabu gani inakuhitaji, kisha uiandikie mwenyewe. Nitumie video ukifungua klachi ya pikipiki yako, mwanzo mwisho, bila muziki.