Omba kazi waliyoikimbia wenzako

Juzi msomaji mmoja kaniandikia inboksi. Ana miaka 28, anatengeneza programu za uhasibu kwenye kampuni moja mjini, na moyo wake wote uko kwenye magemu. Swali lake ni fupi: "Kaka, nimechelewa?" Nilimjibu siku ileile, lakini jibu lenyewe halikuniridhisha. Najua wako wengi mnaosoma hapa mchana mkipiga hesabu za watu na usiku mkichora ramani za dunia zenu wenyewe, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mdogo wangu, hujachelewa. Isome historia ya FromSoftware.

Studio hii ilianzishwa Tokyo mwaka 1986 na Naotoshi Zin, na haikuanza na magemu. Miaka minane ya mwanzo ilikuwa ikitengeneza programu za kazi za ofisini, zilezile unazoziona zinakupotezea ujana. Gemu lao la kwanza, King's Field, lilitoka Desemba 1994, PlayStation ikiwa haijamaliza wiki mbili kwenye maduka ya Japani. Ni gemu la mashimo na giza, mwendo wake wa taratibu, na hakuna anayekushika mkono kukuonyesha njia. Mwaka 1997 likaja Armored Core, la maroboti ya vita unayoyaunda mwenyewe kipande kwa kipande. Wakawa na wapenzi wao, wachache lakini waaminifu, na mambo yakaenda hivyo kwa miaka.

Ninayetaka umjue hasa ni Hidetaka Miyazaki. Alikulia Shizuoka, kwenye familia isiyo na fedha. Alikuwa akiazima vitabu maktaba, na vingine vilimzidi kimo, kwa hiyo pale asipoelewa alijaza mwenyewe kwa kuwaza. Akasoma Chuo Kikuu cha Keio, akaajiriwa Oracle, kampuni kubwa ya programu za kompyuta, akawa na mshahara wa kueleweka. Kisha rafiki akampa gemu linaloitwa Ico, na tangu hapo hakutulia. Akaanza kuomba kazi kwenye studio akiwa na miaka 29, hana uzoefu wowote. Nyingi zilimkataa. FromSoftware ikamchukua mwaka 2004, akakubali kulipwa chini ya alichokuwa akipata.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ndani ya studio kulikuwa na mradi wa gemu la njozi uliokwama. Ulikuwa unafanywa pamoja na Sony, na waliokuwamo walishauhesabu kuwa umekufa. Miyazaki akauomba. Mwenyewe amewahi kueleza hesabu yake: kama mradi umeshaonekana umeshindwa, basi akiuharibu hakuna atakayemlaumu, na akiushika anaweza kuugeuza chochote anachotaka. Gemu hilo ndilo Demon's Souls.

Mimi hesabu hiyo naijua kwa mwili wangu. Kampuni niliyoanzia kazi ilikuwa na mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ambao hakuna aliyetaka kuugusa. Waliotangulia walikuwa wanauachia njiani. Nikauomba. Wenzangu walinitazama kwa huruma. Tatizo lenyewe lilikuwa hivi: mwanachama akilipa nusu ya rejesho katikati ya mwezi kwa simu, mfumo uliendelea kuhesabu riba kwenye mkopo mzima badala ya salio lililobaki. Mhasibu wa pale, mama mmoja makini sana, alikuwa akisahihisha kila kitu kwa penseli kwenye daftari. Nilikaa ubavuni kwake na lile daftari, tukafuata mstari kwa mstari, mkopo kwa mkopo, mpaka nikaona mahali malipo yanapoingia baada ya riba kuhesabiwa wakati yalitakiwa kutangulia. Nilichojifunza pale kuhusu nini kitangulie na nini kifuate ndicho ninachokitumia leo ninapopanga pambano kwenye gemu tunalolitengeneza: pigo limeingia kabla ya ngao au baada yake?

Siku ya kukabidhi mfumo, mkurugenzi alishukuru watu kwa majina. Langu halikutajwa. Bado linaniuma, sitaficha. Lakini maarifa hayakubaki na aliyetajwa.

Rudi Japani. Demon's Souls lilipoonyeshwa Tokyo Game Show, maonyesho makubwa ya magemu, mwaka 2008 halikupokelewa vizuri. Shuhei Yoshida, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa studio za Sony, alilicheza kama saa mbili, akawa bado yuko mwanzoni kabisa, akaona halifai. Likatoka Japani Februari 2009, na Sony haikulichapisha yenyewe Marekani wala Ulaya. Atlus, kampuni nyingine ya kuchapisha magemu, ndio waliolipeleka Marekani. Likaanza kuuzwa kwa midomo ya watu: aliyekufa mara nyingi akapita, alimtafuta mwenzake amsimulie.

Kuna jambo moja kwenye gemu lile ninalolipenda kuliko yote. Unacheza peke yako, lakini unakuta chini maandishi yaliyoachwa na wachezaji wengine: kuna mtego mbele, kuna hazina kule. Unaweza kuita mgeni aje akusaidie kumpiga adui mkubwa, kisha anatoweka bila kuagana. Miyazaki alisimulia lilikotoka wazo hilo. Siku ya theluji nyingi, magari yalikwama kwenye mlima na yakaanza kuteleza kurudi nyuma. Gari la nyuma likalisukuma la mbele, na hilo likasukumwa na lililofuata, mpaka wote wakapanda. Alipofika juu hakuweza kusimama kuwashukuru, maana angesimama wangekwama tena.

Ona, kijana: jambo la barabarani, la dakika chache, limeingia kwenye gemu zima. Usiniambie kazi yako ya uhasibu haina cha kukufundisha. Ina watu ndani yake, ina foleni, ina hasira za mwisho wa mwezi. Ziangalie. Ziandike. Na omba mradi uliokwama. Nasema tena, uombe, usisubiri upangiwe, kwa sababu kwenye mradi uliotelekezwa hakuna anayekuchungulia begani.

Yaliyofuata mengi mnayajua. Yakaja magemu mengine: Dark Souls mwaka 2011, Bloodborne 2015, Sekiro 2019. Kadokawa, kampuni ya uchapishaji ya Japani, iliinunua studio mwaka 2014, na mwaka huohuo Miyazaki akawa rais wa kampuni, miaka kumi tu tangu aingie akiwa hajui kitu. Februari 2022 likatoka Elden Ring, nakala milioni 12 kwa muda usiofika wiki tatu. Waliokuwa wakisema magemu ya hivi ni magumu mno kuuzika sasa wanayaiga.

Msomaji wangu aliuliza pia kama aache kazi mwezi huu. Usiache. Miyazaki aliondoka Oracle akiwa na mahali pa kwenda, na wewe bado huna. Jumatatu ukiingia ofisini, uliza ni mfumo gani umelala na nani aliushika mwisho. Kaa na huyo mtu kwenye chakula cha mchana, akueleze ulikwamia wapi. Kisha niandikie alichokwambia. Nitakusomea msimbo wenyewe ukitaka, bila malipo.