Mkuu, usiguse dexa ya mama

Simama hapo hapo. Saratani ya titi ya mama imepanda kichwani, kapewa dexa (dexamethasone, vidonge vya steroidi vya kupunguza maji yanayojaa kichwani), siku ya nne kichwa kimeacha kuuma, sasa mnataka kuacha vidonge na kusogeza mionzi mpaka arusi ya mdogo wako ipite? Nilifanya hivyo hivyo. Kwetu ilikuwa kipaimara.

Dada yangu mkubwa alianza kwa kutapika asubuhi na kikombe cha chai kumponyoka mkono wa kushoto. Siku mbili za dexa, mtu mwingine. Saa 8 usiku yuko jikoni anakaanga mayai, anatuamsha tule. Tukasema kapona. Tarehe ya mionzi nikaisogeza mwenyewe, mara 2.

Wiki ya tano nikamwonyesha vidonge jamaa wa duka la dawa, koti jeupe, kalamu sikioni. "Hizi steroidi zitammaliza figo. Kama kapata nafuu, acha." Akaniuzia na dawa ya kusafisha figo, 35,000, na nikamshukuru! Risiti ninayo hadi leo, cheti changu cha ujinga. Lile koti sijui aliazima kwa muuza nyama.

Tukakata vidonge ghafla, vyote siku moja. Siku ya tatu hawezi kufunga kanga, mdomo umekwenda upande, presha chini, anatapika hadi maji. Nilimshusha ngazi mgongoni, bajaji inaunguruma nje.

Daktari alichora duara kwenye bahasha: huu uvimbe, haya maji yanayouzunguka. Dexa inapunguza maji, uvimbe upo pale pale unakua. Halafu mwili ukizoea vidonge wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake, ukikata ghafla mtu anaanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiandika tarehe kwa tarehe. Hajaandika? Hakuna kuacha. Shangazi, mchungaji, jirani nesi mstaafu, wote wakae pembeni.

Mionzi tuliyoikimbia ilikuwa vikao 10 tu, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila kimoja, uso umefunikwa barakoa ya plastiki. Nywele zilinyonyoka, ndiyo. Mkono wa kushoto haukurudi tena, miezi 7 yote aliyoishi baadaye.

Madhara ya dexa yapo: sukari hupanda, usingizi hukimbia. Mpimeni sukari, na muulizeni daktari kama anaweza kuinywa asubuhi baada ya kula.

Uliuliza na bima, na chakula, nimeona. Kwanza nijibu: kwenye pakiti ya mama vimebaki vidonge vingapi?