Kupamba kwenye deki ya Siyu

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mama mkubwa wangu aliyeko Siyu hakuweza kuvuka kuja kwenye kupamba kwa binti yangu, nami ninataka aione sherehe hiyo kwenye deki yake ya DVD. Nilirekodi kwa simu faili tatu za .mp4, jumla gigabaiti 6, muda wa saa moja na dakika 50. Binti yangu mdogo alizichoma kwenye diski mbili. Kompyuta inazionyesha, lakini deki inasema diski haisomeki. Akashauriwa abadilishe .mp4 iwe .vob, bila mafanikio. Studio sitaki kupeleka, kwa kuwa wanawake hawakujifunika. — Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Diski hazina kosa, wala deki. Deki ya kawaida ya DVD hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, ambamo picha zimebanwa kwa mfumo wa MPEG-2, ilhali simu nyingi hurekodi kwa H.264, mfumo ambao deki hizo hazikuundiwa. Kubadilisha .mp4 kuwa .vob ni kubandika jina la sukari kwenye mkebe wa chumvi.

Kinachohitajika ni programu ya kutengeneza DVD, na tunayoipendelea ni DVDStyler, ambayo ni ya bure. (HandBrake, ambayo wengi huitaja, haitengenezi DVD ya deki.) Binti achague PAL, yaani nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, pamoja na umbo la 16:9. Vipande vilivyorekodiwa simu ikiwa wima vitatokea vyembamba katikati, na weusi pande mbili. Aviache vivyo hivyo, asije akavivuta mpaka bibi harusi akanenepa.

Kuhusu gigabaiti 6 kuingia kwenye diski ya 4.7, ukubwa wa faili za simu hauhesabiwi hapa, kwa sababu picha zinabanwa upya. Kinachohesabiwa ni muda. Diski moja ikigawanywa kwa dakika 110 hutoa takriban megabiti 5.7 kwa kila sekunde, sauti ikiwemo, basi picha ipewe 5. Ukitaka kuongeza saa nyingine, nunua diski ya pili, kwa maana picha ikibanwa kupita kiasi, nakshi za hina na vito vya dhahabu ndivyo vya kwanza kugeuka miraba-miraba.

Kabla ya kuchoma, aiagize programu itoe faili ya ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, aifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, na kuitazama. Ikicheza vizuri, aichome kwenye DVD-R mpya kwa kasi ya 4x. Faili za simu msizifute, kwani DVD hupunguza ung'avu wake.

Hofu yako juu ya studio ina msingi, na kwa sababu hiyohiyo jiepushe na tovuti za kubadilisha video, kwa kuwa huko faili hupakiwa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Kama kompyuta yenyewe ni ya kuazima, zifuteni pia faili za muda, yaani zile ambazo programu hujiwekea wakati wa kazi, na ile ISO, kisha mmwage pipa la taka la kompyuta kabla ya kuirudisha.

Na kabla ya yote, mpigie simu mama mkubwa umuulize kama deki yake ina tundu la USB na alama ya DivX. Ikiwa nazo, huenda flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 yenye faili za AVI, picha zikiwa za Xvid na sauti ya MP3, ikatosha bila kuchoma diski yoyote.