Vikapu vya milulu: anza na bibi yako

Mdogo wangu, umemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, na unauliza kama kusuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya kusukia, kama bibi yako kutakulisha hapo Iringa. Kutakulisha, ila usikimbilie mkopo. Kaa kwanza na bibi ujue kuchagua milulu, kuianika ikauke sawasawa na kukaza kitako. Kikapu kikiyumba mezani, mteja anakirudisha palepale. Wanaosema ni kazi ya kina mama, waache waseme. Hesabu siku ulizotumia kabla hujataja bei, maana wengi wanauza jasho lao bure.

Ukishaiva, ungana na vijana wenzako; mkishakuwa kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vijana. Akaunti ya kikundi ifungueni mapema.