Maswali na Majibu: Santuri, Vumbi na Hizo Fulana Zenu

Nimenunua santuri mpya kabisa, mbona inatatarika? (Nakuru)

Mpya si safi, ndugu yangu. Bahasha ya karatasi ya ndani huacha unyuzinyuzi, na ukiichomoa santuri kwa pupa ule msuguano unazaa umeme tuli. Umeme huo ndio unaoita vumbi la chumba kizima. Ioshe kabla ya kuipiga, na ile karatasi weka bahasha ya plastiki laini badala yake.

Naweza kuifuta kwa fulana? (Morogoro)

La. Na wale wengine wote mlioniuliza hilohilo: la. Kitambaa kikavu husukuma vumbi ndani ya mifereji na kuongeza umeme tuli.

Nimepata santuri za 45 (zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika) za bendi za zamani za Dar, chafu mno. Nizioshe na nini? (Tanga)

Umebahatika. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, nyingi ya hizo zilichapwa Nairobi, na hazichapwi tena. Kwa hiyo pole pole. Maji ya bomba yaache, na ya kisima ndiyo kabisa: yakikauka chumvi inabaki mferejini. Nunua maji ya betri, yaliyokenekwa, kwenye kituo cha mafuta, lakini soma chupa, maana asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo! Tia tone moja la sabuni ya vyombo. Lebo isilowe. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa ukifuata mzunguko wa mifereji, usifute kwa kuikatiza. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, kisha isimamishe kwenye kichanja cha vyombo ikauke yenyewe.

Spiriti ya duka la dawa usiiguse. Mara nyingi ina mafuta ya mbarika, na mafuta yanabaki. Na muuzaji akikuonyesha santuri kuukuu inayometa kama kiatu cha Idi, inuse kwanza. Wako wanaopaka mafuta kuficha mikwaruzo.

Bibi ameniachia santuri za Siti binti Saad. Spiriti safi, isiyo na mafuta, je? (Zanzibar)

Weka chini hiyo chupa! Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) za enzi hizo ni za shelaki, utomvu wa wadudu, si plastiki. Spiriti ya aina yoyote huiyeyusha. Maji kidogo yaliyokenekwa, haraka, ukaushe papo hapo. Zinavunjika vilevile, basi wajukuu wakae mbali.

Ile bastola ya kuondoa umeme tuli inafaa? (Nairobi)

Inafanya kazi, ila bei yake ni ya kuwatajirisha wengine. Anza na brashi ya nyuzi za kaboni: iguse tu santuri ikizunguka, usiikandamize.

Mimi sina shida ya umeme tuli, ila nina madoa meupe. (Mombasa)

Hiyo ni kuvu. Pwani unyevu hupunguza umeme tuli na kuleta hilo. Osha kama nilivyomwambia wa Tanga, majalada yaliyooza yatupe, na sindano nayo isafishe kwa brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si upande kwa upande.